Handaki la Ghorofa ya Pili

Vijana wangu, mnaniuliza nilifanya kazi gani kabla sijawa mzee wa kukaa dirishani na kulalamikia magari yanavyoegeshwa. Jibu ni hili: nilichimba handaki la vita, ghorofa ya pili, juu ya mkahawa, katika ghala moja kuukuu la mtaa wa Digbeth, Birmingham, lililogeuzwa kuwa jumba la makumbusho. Nililichimba kwa msumeno na gundi. Hakuna aliyefia humo, ingawa keki moja ilipata ajali, na habari zake nitawapa.

Mimi ni Kalasinga wa Nakuru. Najua siku hizi wapo wanaosema neno hilo si la adabu. Mimi waliniita hivyo watu walionipenda. Walionichukia walikuwa na maneno mengine. Baba yangu alikuwa na karakana ya kuunda bodi za malori, na humo ndimo nilimojifunza ufundi, kwa kupigwa rula za vidole kila mbao ilipopinda. Tulipohamia Birmingham nilifanya kazi viwandani mpaka viwanda vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine. Miaka ya mwanzo ya elfu mbili nikaona tangazo: jumba la makumbusho linatafuta fundi wa maonyesho. Nilidhani ni kazi ya rafu na makabati ya vioo. Siku ya kwanza wakanipa picha ya wanaume waliosimama ndani ya shimo refu lenye tope, kule Ufaransa, katika ile vita kuu ya kwanza, wakaniambia, "Tutengenezee hii."

Basi nikapima, nikavuta uzi, nikaweka pima maji. Baada ya wiki kadhaa nilikuwa na handaki ambalo baba angelibusu. Kuta zilinyooka mwanzo hadi mwisho. Ungeweza kubingirisha gololi upande huu ikafika upande wa pili bila kugusa kitu. Nikamwita Dakta Ruth aje aone.

Dakta Ruth ndiye aliyekuwa mwanahistoria wetu, mama mfupi mwenye nywele nyeupe na viatu vya shamba. Nusu ya maisha yake aliitumia kuwasikiliza wazee waliopigana vita ile, na nusu nyingine kutembea kwenye mashamba ya viazi ya Ufaransa akitafuta mahali walipokuwa wamesimama. Alilitazama handaki langu kutoka mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo lilikuwa rahisi mno, akasema, "Fundi, umenijengea korido nzuri sana."

Kumbe handaki la kweli hupindishwa makusudi. Kila baada ya hatua chache kuna kona, ili adui akiingia upande mmoja asiweze kuwamaliza wote kwa kufyatua moja kwa moja, na bomu likianguka mlipuko wake uishie konani. Nilibomoa, nikaanza upya. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulipwa ili nipindishe mbao, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiota baba anakuja na rula.

Sasa pokeeni elimu ya tope, maana hamtaipata chuoni. Mara ya kwanza tulileta tope lenyewe, udongo wa mfinyanzi kutoka mahali walipokuwa wakichimba misingi ya nyumba, tukaumwagilia maji. Lilipendeza kweli. Baada ya siku mbili tatu lilipenya kwenye nyufa za sakafu, likashuka mkahawani, likatua juu ya keki ya mama mmoja aliyekuwa akiagwa kazini. Wenzake walidhani ni chokoleti mpaka walipoonja. Tangu hapo nikatumia vumbi la mbao, gundi nyeupe na rangi ya kahawia, na juu yake vanishi. Siri iko kwenye vanishi: tope la makumbusho lazima ling'ae kama limelowa na liwe kavu kama biskuti.

Harufu nayo ilikuja kwenye chupa, kutoka kwa kampuni iliyouza pia harufu ya mkate mpya na harufu ya zizi la ng'ombe. Ya kwetu ilinuka kabichi iliyochemshwa na mbwa aliyenyeshewa. Dakta Ruth aliinusa akasema handaki la kweli lilinuka vibaya zaidi, ila hakuna mtu angeleta watoto. Aliyeumia na chupa ile alikuwa Habiba, mlinzi wa chumba chetu. Habiba ni Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, akapitia Uholanzi, akaishia mtaa wa Hodge Hill, hapa Birmingham. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye stuli mlangoni mwa handaki, kuwazuia watoto wasing'oe panya wa plastiki, na kuwasogeza wageni wasikwame njiani.

"Fundi, hii perfume yako imeniharibia maisha," aliniambia siku moja tukinywa chai. "Jana kwa bus mama mmoja amehama seat, akaenda kusimama. Amesimama, Fundi, na seat iko."

"Si umepata pa kuweka mkoba?"

"Wacha mchezo. Watoto wangu wanasema, 'Mum, you smell like dead people.' Kiswahili wanaelewa chote, lakini matusi wanatoa kwa Kiingereza."

Na mkoba wenyewe ulikuwa wa mapambo tu, kwa kuwa kitu chake cha thamani alikivaa shingoni, chini ya hijabu: kifuko cha ngozi chenye vitambulisho vyake vyote. Alikwenda nacho msalani, alikwenda nacho kunywa chai, na kabla ya kutoka mlango wowote alikipapasa kwanza. Alikokulia, Msomali aliyekutwa na polisi bila kipande, yaani kitambulisho, alikuwa akilala ndani. Mimi nilimtania, "Habiba, hapa hata malkia hakuulizi kipande." Alicheka, kisha akakipapasa tena.

Kulikuwa pia na kanda ya milio ya mizinga iliyojirudia kutwa nzima. Wageni walishtuka, wengine wakatoa machozi. Habiba aliitumia kama saa. Farasi akilia, halafu bomu la pili likapiga, alijua ni wakati wa chai.

Dakta Ruth alipenda kula chakula cha mchana karakanani kwangu, kwa sababu ofisini walimwuliza maswali ya bajeti. Hapo ndipo nilipojifunza kazi yake. Wazee aliowahoji walikuwa wamebaki wachache sana, wengi wamepita miaka mia, na kila mwandishi wa habari aliyewafikia aliwauliza swali lile lile: "Ulijisikiaje?" Wazee wa watu wakajifunza jibu. Wakishaulizwa wanatikisa kichwa, wanasema tope, panya wakubwa kama paka, tulikuwa vijana tu, na mwandishi anaondoka ameridhika. Wengine walikuwa wametazama vipindi vingi vya televisheni kuhusu vita yao wenyewe, hata wakaanza kukumbuka mambo ya televisheni.

"Labda panya walikuwa wakubwa kama paka," alisema Dakta Ruth. Labda ndilo lilikuwa neno lake. Ungemwuliza kama mvua inanyesha angesema labda, kisha angetoka nje kuhakikisha. "Lakini mimi nataka panya wa mtu mmoja. Alikula nini cha mtu huyo? Mtu huyo alimpa jina?"

Kwa hiyo hakuuliza mtu alijisikiaje. Aliuliza buti uliliweka wapi ulipolala. Aliuliza chai ilichemshwa na nani, na moshi mliuficha vipi. Alisema mdomo hupenda kumfurahisha mgeni, lakini mikono haijui kudanganya. Mwambie mzee akuonyeshe alivyokuwa akifunga kitu, na mikono itakumbuka yenyewe. Maandishi nayo aliyasoma kwa jicho moja limefumbwa. Kila kikosi kilikuwa na afisa wa kuandika habari za siku, na afisa aliandika alichojua mkubwa wake angependa kusoma. Watu wamekufa tangu asubuhi, yeye kaandika hali ni shwari. Nikamwambia hayo nayajua, maana karakanani kwa baba lori letu lilipokatika bodi barabarani tuliandika kwamba limerudi kwa marekebisho madogo.

Nilimfundisha methali yetu, kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliipenda mno. Alisema hiyo ndiyo kazi yake kwa maneno machache, ila kitanda chenyewe kilikwisha chomwa zamani na yeye analipwa kutafuta kunguni.

Aliyelipwa kuwaondoa kunguni alikuwa Clive. Clive alikuwa Meneja wa Furaha ya Wageni. Cheo hicho sikukitunga mimi, kiliandikwa mlangoni pake. Alikuwa mrefu, mwenye suti nzuri, si mtu mbaya, lakini mikutano ilikuwa imemla. Alitaka handaki rafiki kwa familia. Seng'enge ikawa ya mpira. Mizinga ikapunguzwa sauti kwa sababu mkahawani vijiko vilikuwa vikitetemeka. Panya wakapakwa rangi upya ili wasitishe, na mmoja wao, nasema kweli, akawa anatabasamu.

Siku moja alikuja karakanani akiwa na kamera. "Bhajan," akasema, maana yeye aliniita kwa jina langu, "babu yako alikuwa kwenye mahandaki, sivyo?"

Masingasinga walikuwepo Ufaransa, ndiyo, wengi, na wengi hawakurudi kwao. Babu yangu mimi alikuwa katika karakana ya reli, Nairobi. Miaka yote ya vita alipigana na kutu. Nikamwambia Clive hivyo, akasikitika sana.

"Hakukuwa na handaki hata dogo?"

"Kulikuwa na shimo la kuingia chini ya injini."

"Tunaweza kulitumia hilo?"

Picha ilipigwa hata hivyo. Kwenye kijitabu cha matangazo nimesimama handakini na kilemba changu, nimekunja uso, natazama mbali kwa huzuni. Nilikuwa naitazama vanishi. Ilikuwa inabanduka.

Lakini ugomvi mkubwa ulikuwa wa kipandio. Handaki ni refu kuliko mtu, ndiyo faida yake. Basi ili uone upande wa adui lazima upande juu ya kitu, na kitu hicho ni kipandio, ubao mrefu uliowekwa chini ya ukuta wa mbele. Dakta Ruth alitueleza kwamba kila alfajiri na kila jua lilipozama, askari wote walipanda hapo pamoja, bunduki mkononi, kimya, wakatazama mbele mpaka mwanga utulie au giza lishike, kwa kuwa hizo ndizo saa adui alizopenda kushambulia. Asubuhi wakishuka walipewa tone la ramu, wakasafisha bunduki, wakanywa chai. Walifanya hivyo kila siku, adui aje asije. Mara nyingi hakuja.

"Ukitaka kuwaelewa watu hawa," alimwambia Clive mkutanoni, "sahau mashambulizi makubwa. Kumbuka kusimama huku."

Clive alisema anaelewa kabisa, na kwamba kipandio kiondolewe, maana mgeni anaweza kujikwaa. Badala yake tuliweka kibao kilichoandikwa: Hapa palikuwa na kipandio. Sanamu zetu za askari zikabaki chini, pua zimegusa ukuta wa udongo, kama wanafunzi waliotiwa adabu. Mimi nilikibeba kipandio hadi karakanani nikakifanya benchi ya kunywea chai.

Hapo ndipo alipoingia Mzee Walter. Alikuwa mzee wa mtaa wa Nechells, miaka themanini na zaidi, aliyekuwa akiyeyusha shaba kiwandani mpaka alipostaafu. Alikuja kila Jumanne, kofia mkononi kama anayeingia kanisani, akapita mizinga, akapita panya anayetabasamu, akasimama mbele ya kile kibao. Alisimama sana. Kazi ya Habiba ilikuwa kumsogeza. Alimpa stuli yake.

Wiki nyingi walisalimiana tu. Kisha Jumanne moja Mzee Walter akamwuliza, "Binti, wakishapanda hapa, walikuwa wanatazama nini?"

Habiba alisema atauliza. Lakini mzee akaendelea kusema, taratibu, akiwa anakitazama kile kibao, na Habiba alipokuja karakanani alikuwa amefuta macho kwa ncha ya hijabu.

"Fundi, baba yake alikuwa kwa hiyo vita," akasema. "Akarudi, hajawahi sema kitu. Lakini kila alfajiri alikuwa anaenda nyuma ya nyumba, anapanda juu ya ndoo, anaangalia nje ya ukuta mpaka kukuche. Jioni tena. Maisha yake yote. Watoto wa mtaa walikuwa wanamcheka. Na huyu mzee anadhani baba yake alikuwa anatafuta mahali pa kutorokea. Anadhani hakuwataka. Mpaka leo, Fundi. Mtu mzima hivyo."

Nikaweka kikombe chini, nikaitazama benchi. Nilikuwa nimekalia jibu la swali la mzee.

Nikamtafuta Dakta Ruth, na Jumanne iliyofuata akaja na kinasa sauti chake. Mzee Walter alikaa kwenye stuli ya Habiba, sisi tukasimama kando. Sikuwa nimewahi kumwona Dakta Ruth akifanya kazi yake mbele yangu, na ninyi mnaotaka kusoma historia sikilizeni vizuri. Hakumwuliza hata neno moja kuhusu huzuni.

"Baba yako alivaa nini?"

"Buti. Zimefungwa kamba hadi juu. Hata kiangazi."

"Alisimama juu ya nini?"

"Ndoo ya makaa, kaifudikiza."

"Alizungumza?"

"Hakuna aliyeruhusiwa kuzungumza. Siku moja nilimwuliza, baba, unataka kutuacha? Akaniwekea kidole mdomoni. Hilo ndilo jibu nililopata."

"Na asubuhi akishuka?"

"Tone la ramu kwenye chai. Halafu anachukua sepetu ya makaa, anaipangusa kwa kitambaa cha mafuta. Mama alisema hakuna sepetu safi kama ile Nechells nzima." Alicheka kidogo. "Kuna siku nilipanda kando yake. Nilikuwa mdogo, nilitaka kuona anachokiona. Akanishika kichwa akanisukuma chini, kwa nguvu, nikaanguka kwenye makaa. Sikupanda tena. Na hatukuwa watu wa kuulizana mambo. Nilimzika hivyo hivyo."

Dakta Ruth alimweleza habari ya kupanda alfajiri na jioni, kimya, ramu na kusafisha bunduki, kama alivyotueleza sisi. Mzee Walter alisikiliza bila kupepesa. Lakini nilimwona jinsi anavyopokea: sepetu aliielewa, ramu aliielewa, kidole mdomoni labda. Ile ya kichwa ilikuwa bado imemkaa pale pale. Alikuwa anakishikashika kisogo chake.

"Fundi," akasema Dakta Ruth, "kipandio kiko wapi?"

Habiba alifunga kamba mlangoni akatundika kibao cha kusema usafi unaendelea, na kwa chumba chenye harufu ile hakuna aliyebisha. Nikaleta benchi yangu, nikaifuta alama za vikombe, nikaiweka chini ya ukuta. Tukampandisha Mzee Walter, mimi huku, Habiba huku, magoti yake yakilia kama bawaba. Akashika magunia ya mchanga juu ya ukingo, akanyanyua kichwa, akatazama upande wa adui.

Sasa, vijana, fundi hawezi kumaliza mahali ambapo hakuna macho yatakayofika. Nyuma ya ukuta ule sikuwa nimeweka chochote. Kulikuwa na ndoo ya kupigia deki, nyaya, na chupa ya chai ya Habiba. Niliona haya. Mzee alitazama muda mrefu.

"Hakuna kitu," akasema.

"Mara nyingi hapakuwa na kitu," akajibu Dakta Ruth. "Kazi ilikuwa kutazama mpaka uhakikishe."

Ndipo Clive akatokea konani. Ameiona kamba, ameona mzee wa miaka themanini amesimama juu ya kifaa kilichopigwa marufuku, na uso wake ukawa mweupe kama karatasi. Namhurumia hata leo. "Bwana, tafadhali," akasema, "bwana, naomba ushuke," na kwa kuwa sisi hatukusogea, akaruka mwenyewe juu ya kipandio ili amshike kiuno. Clive ni mrefu. Alipopanda, kichwa chake chote kikatokeza juu ya ukingo.

Mkono wa Mzee Walter ukaenda. Hakugeuka kumtazama, hakufikiri. Macho yake yalikuwa bado mbele. Kiganja kikatua juu ya kichwa cha Clive, kikamsukuma chini, kwa nguvu ambayo sikujua mzee yule bado anayo.

"Kichwa chini, kijana," akasema.

Clive alichuchumaa na suti yake. Mkono ukabaki pale pale juu ya nywele zake. Mzee Walter akaugeukia mkono wake mwenyewe, akautazama kama aliyeona mtu anayemfahamu mtaani baada ya miaka mingi.

"Hakunisukuma," akasema. "Alinificha."

Akalia. Mimi nililia, Habiba alikuwa amekwisha anza zamani. Mizinga ikaendelea kulia kwa sauti yake ya kirafiki kwa familia, farasi akalia, bomu la pili likapiga, na hakuna aliyekwenda kunywa chai. Nikamtazama Dakta Ruth, nikingoja aseme labda. Ilikuwa haki yake. Hakuna ushahidi wa alichofikiri mtu aliyekufa. Alizima kinasa sauti, hakulisema.

Na Clive, Mungu ambariki, alikaa amechuchumaa mpaka mzee alipoondoa mkono mwenyewe.

Msidhani jumba la makumbusho liligeuka. Kulikuwa na mkutano kuhusu tukio lile, na mwingine kuhusu kwa nini mkutano wa kwanza ulichelewa. Lakini Clive alisimama akasema kipandio kirudi, na alipoulizwa sababu alisema tu kwamba amekipanda. Kilirudi, kikiwa na reli ya kushikia, mstari wa njano na kibao kipya: Tahadhari, hapa pana kipandio. Nikapata wiki nzima ya kutengeneza upande wa adui. Nilipaka uwanda wa kijivu usio na kitu, na ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya, kwa sababu ukipaka jiwe moja tu watu hulitazama hilo. Baada ya miaka michache handaki lote lilivunjwa, ghorofa ikawekwa skrini za kugusa. Nasikia haziguswi tena, zimeharibika.

Mzee Walter hakuja tena Jumanne. Habiba alisikitika. Mimi nilifurahi, nikamwambia mtu aliyepata alichokitafuta haonekani tena dukani. Alinisikiliza, akakipapasa kifuko chake shingoni, na mzaha wangu wa malkia ukaniishia kinywani. Sikuurudia.

Mwezi uliopita Habiba alinialika chakula kwake Hodge Hill. Binti yake mkubwa, ambaye sasa ni nesi, alikuwa anatoka kwenda zamu, amevaa kitambulisho cha kazi shingoni. Nilikuwa nimekwisha wamwagia mama na binti habari hii yote ya Mzee Walter juu ya sahani ya wali, kama nilivyowamwagia ninyi. Habiba akamfuata binti hadi mlangoni, akanyoosha mkono, akampapasa shingoni kuhakikisha kwamba kipo, kama anavyofanya kila siku.

Kila siku, Habiba aliniambia baadaye, binti hujibu, "Mum, I've got it," na mlango unafungwa. Siku hiyo hakufungua mlango. Alisimama na koti lake, akaushika mkono wa mama yake pale pale ulipokuwa, akatafuta maneno. Kiswahili chake kilitoka kimekauka, cha mtu asiyekitumia.

"Mama," akasema, "siku ya kwanza walipokuuliza kipande, ulikuwa umesimama wapi?"

Habiba alirudi jikoni, akazima moto, akaketi amsimulie.